Vita Vilivyofika Liuli Kabla ya Habari

Mwaka 1914 waya wa telegrafu ulipita magharibi mwa Ziwa Nyasa. Ulitoka kusini, ukapita Blantyre na Zomba, ukafuata ufuko hadi Karonga, kisha ukakata kuelekea Ziwa Tanganyika. Ulikuwa sehemu ya ndoto ya Cecil Rhodes ya kuunganisha Cape Town na Cairo. Ndoto yenyewe haikutimia, lakini nguzo zilisimama, na aliyekaa karibu nazo alipata habari za Ulaya kwa siku ileile au ya pili yake. Ng'ambo ya pili, kuanzia Manda kushuka Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, habari ilikuja kwa mtumbwi, kwa meli au kwa miguu ya tarishi. Ukitaka kuelewa kilichotokea Liuli tarehe 13 Agosti mwaka ule, anza na waya huo kabla hujafika kwenye mzinga.

Tofauti hiyo ya pande mbili ilikuwa na mizizi mirefu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki, ule uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland na kuwaachia Waingereza Zanzibar. Katika mkataba huo mpaka wa Ziwa Nyasa ulichorwa ukifuata ufuko wa mashariki. Mvuvi wa Kinyasa aliyelala nchi kavu Liuli alikuwa chini ya Mjerumani. Akisukuma mtumbwi wake alfajiri kufuata usipa, kwa karatasi ile alikuwa ameingia kwa Mwingereza. Hakuna aliyemuuliza. Tanzania na Malawi zinavutana juu ya mstari huo mpaka leo: mwaka 1967 Mwalimu Nyerere na Dkt. Kamuzu Banda walitupiana maneno hadharani kuuhusu, na mwaka 2012 ukaibuka upya baada ya habari za utafutaji wa mafuta.

Wajerumani waliiita Liuli kwa jina lao, Sphinxhaven, kwa sababu ya mwamba ulio pale bandarini ambao waliuona unafanana na sanamu ya Misri. Ni ghuba nzuri. Upepo wa mwera unapochafua ziwa, chombo kilichojibanza ndani yake hupata nafuu. Ndiyo maana walijenga hapo chelezo ya kupandishia meli yao, Hermann von Wissmann.

Meli hiyo ilikuwa na historia yake. Jina ni la ofisa aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri pwani, kisha akawa gavana. Fedha za kuijenga zilichangwa Ujerumani kwa kampeni ya kupiga vita biashara ya watumwa, kampeni iliyoendeshwa hata kwa bahati nasibu. Vipande vyake vilipitishwa mto Zambezi na mto Shire, penye maporomoko vikabebwa mabegani na wapagazi, na mwaka 1893 ikaelea ziwani. Upande wa Waingereza meli kubwa ya serikali ilikuwa Gwendolen, iliyoshushwa majini mwaka 1899. Kwa miaka mingi meli hizi zilipishana ziwani kwa amani. Nahodha wa Gwendolen aliitwa Rhoades, wa Wissmann aliitwa Berndt, na wote wanaosimulia kisa hiki wanakubaliana kwamba wawili hao walikuwa marafiki. Walitembeleana, walikunywa pamoja. Kwenye ziwa ambalo Wazungu wenye meli walihesabika kwa vidole, wangefanyaje vinginevyo?

Uingereza ilipotangaza vita tarehe 4 Agosti 1914, telegrafu iliifikisha habari Zomba kwa George Smith, Gavana wa Nyasaland, Malawi ya leo. Amri ikatoka kwamba Rhoades aitafute meli ya Kijerumani aizamishe, aiteke au aiharibu. Pwani ya Bahari ya Hindi nako mambo yalikwenda haraka. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea ilikipiga kwa mizinga kituo cha simu ya upepo cha Dar es Salaam. Tuseme, basi, kwamba shabaha ya kwanza ya vita ile katika nchi yetu ilikuwa mnara wa redio. Wakubwa wa vita walielewa mapema kwamba anayemnyima mwenzake habari amekwisha kumshinda nusu.

Huku kusini magharibi hakukuwa na haja ya kupiga mnara. Tukuyu kwenyewe, wakati huo ikiitwa Neu Langenburg, ofisa wa Kijerumani alilazimika kumwandikia barua mwenzake wa Kiingereza aliyekuwa Karonga, akimwuliza kama nchi zao mbili ziko vitani au la. Anayeulizwa ndiye adui, na muulizaji hajui bado kwamba ni adui.

Basi asubuhi ya tarehe 13 Agosti Gwendolen ilitokea mbele ya ghuba ya Liuli. Wissmann ilikuwa juu ya chelezo, imetolewa majini kwa matengenezo, haiwezi kukimbia wala kujibu. Gwendolen ilikuwa na mzinga mdogo aina ya Hotchkiss, na inasimuliwa kwamba risasi zake zilikuwa zimekaa ghalani miaka mingi hata nyingine hazikulipuka. Walipiga wakiwa umbali wa kama kilomita mbili. Risasi nyingi zilipotea. Mwishowe moja ikapata shabaha.

Hapo ndipo linapokuja tukio lililoipeleka Liuli kwenye vitabu vya dunia. Mashua ndogo ilichomoka ufukoni ikipigwa makasia kuelekea Gwendolen. Ndani yake alikuwamo Berndt, amekasirika, anapunga mikono. Alipofika pa kusikika alimpigia rafiki yake kelele akitaka kujua kama amelewa au amepata wazimu, kupiga risasi za kweli kwenye meli ya watu iliyo kwenye matengenezo. Rhoades akamweleza kwamba Uingereza na Ujerumani zina vita, na kwamba yeye Berndt sasa ni mfungwa. Walimpandisha melini. Waingereza wakashuka nchi kavu, wakaondoa vifaa muhimu vya Wissmann isiweze kutumika, wakarudi kwao.

Wasikilizaji wa Redio Tanzania waliokulia kwenye michezo ya Pwagu na Pwaguzi wangeitambua mbinu ya kisa hiki tangu sentensi ya pili. Mmoja anajua, mwingine hajui, na msikilizaji anajua kuliko wote wawili. Hakihitaji mandhari, sauti zinatosha: mlio wa mzinga, makasia majini, mtu mmoja anafoka, mwingine anajibu taratibu kwa aibu ya rafiki anayemfunga rafiki. Naamini kingefaa redioni kama kilivyo, na kwamba kingekuwa mchezo wa siasa na wa magazeti kwa pamoja, kwa sababu sehemu yake ya tatu ilichezwa London.

Kule London gazeti la The Times liliichapa habari hiyo chini ya kichwa cha ushindi wa wanamaji kwenye Ziwa Nyasa. Mfikirie msomaji wa Kiingereza wakati huo. Majeshi ya nchi yake yalikuwa yanarudi nyuma Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, na majina ya waliokufa yalikuwa yameanza kufika majumbani. Kwenye ramani ziwa lile lilikuwa mstari mwembamba wa buluu ndani ya Afrika. Neno ushindi lilimfariji. Gazeti halikuandika uongo: meli ilipigwa, nahodha alikamatwa. Lakini kutoka Liuli hadi London habari ilikuwa imepanda cheo. Ugomvi wa asubuhi moja kwenye chelezo ulifika ukiwa umevaa sare ya jeshi la maji la mfalme.

Na hata hapo ilipofika bado ilikuwa na watu wawili tu ndani yake. Chunguza masimulizi ya kisa hiki katika vitabu vya Kiingereza, na vipo vingi, maana ni kisa kinachopendwa. Utamkuta Rhoades na Berndt, utakuta utani juu ya pombe, na wakati mwingine utamkuta mpiga mzinga. Liuli yenyewe haimo. Hawamo waliovuta kamba za chelezo. Hawamo wapiga makasia wa mashua ile, nao walikuwa hatarini sawasawa na nahodha aliyekuwa akifoka. Hawamo mabaharia weusi wa Gwendolen. Hawamo akina mama waliokuwa ufukoni asubuhi hiyo, na asubuhi ufuko wa Nyasa hauwi mtupu: kuna samaki wa kuanikwa, kuna maji ya kuteka, kuna watoto wanaooga.

Watu hao hawakuwa wageni wa risasi za serikali. Ilikuwa imepita miaka minane tu tangu Maji Maji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji 67 mjini Songea, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Njaa iliyofuata, baada ya mashamba na maghala kuchomwa kwa makusudi, iliua watu wengi kuliko vita yenyewe. Mtu wa Liuli au wa milima ya Umatengo aliyesikia mzinga mwaka 1914 hakuwa na sababu ya kudhani ni mzaha wa marafiki wawili.

Ufuko huo haukuwa umekaa gizani kwa upande wa maandishi pia. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, wenye makao katika kisiwa cha Likoma, walikuwa na kiwanda cha kuchapia na shule nyingi za ufukoni. William Percival Johnson, aliyefika ziwani miaka ya 1880 na kuzunguka vijiji hivyo kwa miongo akiwa karibu kipofu, alifia Liuli mwaka 1928. Tanga kulikuwa na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali, na walimu na makarani waliandika humo habari za sehemu walizopangiwa kazi. Kwa hiyo kalamu zilikuwepo na wasomaji walikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya maneno ya mtu wa Liuli kufika mahali ambapo maana ya vita ilikuwa inaamuliwa.

Mwezi haukupita vita vikaacha kuwa vya kuchekesha. Tarehe 9 Septemba 1914 majeshi ya Kijerumani yaliyovuka mto Songwe yalipambana na Waingereza Karonga. Askari Waafrika waliuawa pande zote mbili, miongoni mwao vijana wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles kutoka vijiji vya Nyasaland. Kwenye orodha za kifo Karonga iliizidi Liuli mara nyingi, kwenye magazeti ya Ulaya haikupata hata robo ya umaarufu wake.

Huko kusini mwa Nyasaland, Chiradzulu, kulikuwa na mchungaji aliyezisoma habari hizo kwa namna nyingine. John Chilembwe alikuwa amesoma chuo cha Wabaptisti weusi huko Lynchburg, Virginia, kisha akarudi nyumbani na kuanzisha misheni yake, Providence Industrial Mission. Mwezi Novemba 1914 aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times, gazeti la walowezi lililotoka Blantyre, ikiwa na tarehe 26 Novemba. Aliandika kwa niaba ya watu wake. Alisema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba Waafrika wanaalikwa kumwaga damu katika vita ambavyo hawavijui chanzo chake. Kwamba wakati wa amani kila kitu ni cha Wazungu, lakini wakati wa vita mtu mweusi anakumbukwa ili akafe. Alipendekeza waende vitani matajiri, wenye benki, wenye vyeo na wenye mashamba, waachwe maskini wasio na chochote katika dunia hii wanachokilinda isipokuwa wajane na yatima watakaobaki.

Gazeti liliichapa. Halafu mkaguzi wa serikali akaingilia, toleo lile likaondolewa.

Naomba tusimame hapa, maana hapa ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo. Ziwa ni lilelile, mwaka ni uleule, miezi mitatu na siku chache kati ya tukio na tukio. Habari ya nahodha wa mashuani ilipita kila mlango, ikavuka bahari, ikapewa kichwa kikubwa cha habari. Barua ya mchungaji juu ya waliokufa Karonga ilizuiwa ndani ya nchi ilimoandikwa. Mkaguzi hakuiondoa barua kwa kuwa ilikuwa ya uongo. Hakuna mahali serikali ilipoikanusha hoja kwa hoja. Na tukizungumzia dhihaka ya siasa, barua ile ina makali kuliko kisa cha Liuli, kwa sababu Chilembwe alifanya kile ambacho mchekeshaji mzuri wa redio hufanya: alichukua madai ya wakubwa wenyewe, kwamba vita ni heshima, akawaomba wao watangulie kuipokea.

Njia ya gazeti ilipofungwa, Chilembwe na wafuasi wake walishika silaha tarehe 23 Januari 1915. Walivamia shamba kubwa la Magomero na kumwua meneja wake. Uasi ulizimwa kwa siku chache, Chilembwe akapigwa risasi tarehe 3 Februari alipokuwa akijaribu kuvuka kuingia Msumbiji. Serikali ililivunja kanisa lake kwa baruti. Wanahistoria wanabishana kama alitegemea kushinda au alitaka tu kupiga kofi moja lisikike. Mimi siwezi kuamua. Lakini siwezi pia kuutenganisha uasi huo na gazeti lililofungwa mdomo wiki chache kabla.

Liuli ilirudiwa. Tarehe 30 Mei 1915 Waingereza walikuja tena na askari wa nchi kavu, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wakiitengeneza Wissmann wapate kuitumia. Safari hii kulikuwa na mapigano ya kweli ufukoni, meli ikalipuliwa palepale kwenye chelezo. Hakukuwa na mashua wala rafiki wa kufokea, na ndiyo maana tukio hilo la pili, lililokuwa kubwa kijeshi kuliko la kwanza, limesahaulika.

Baada ya hapo uzito wote ulihamia kwenye mabega ya watu. Majeshi hayakuwa na barabara wala reli katika nchi ya Ruvuma, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilibebwa kichwani. Upande wa Nyasaland wabebaji hao waliitwa tengatenga, na waliochukuliwa ni zaidi ya laki moja, baadhi kwa mshahara, wengine kwa kukamatwa. Wajerumani nao walikamata wa kwao kijiji kwa kijiji walipokuwa wakirudi nyuma, na walipoondoka waliacha maghala matupu. Waingereza waliingia Songea Septemba 1916. Hesabu zao rasmi zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki. Wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ilikaribia 100,000. Walikufa kwa kuhara, kwa nimonia, kwa malaria, kwa njaa huku wamebeba chakula cha wengine. Majina yao kwa sehemu kubwa hayakuandikwa.

Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, na mwishoni mwa Septemba 1918 akavuka tena kurudi, akapita nchi ya Songea akielekea kaskazini, kisha magharibi hadi Rhodesia ya Kaskazini. Na hapo habari ikachelewa mara ya pili. Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Lettow alizipata habari hizo tarehe 13, karibu na mto Chambeshi, kupitia ujumbe wa Waingereza wenyewe, adui zake. Siku mbili hizo mapigano yalikuwa yakiendelea na wapagazi walikuwa njiani na mizigo. Alisalimu amri Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba, kwenye mji ambao waya ule wa magharibi mwa ziwa ulikuwa umepita kwa miaka mingi. Wapagazi walioachiwa walirudi makwao, wakakuta mafua makali ya mwaka ule yamewatangulia vijijini.

Barua ya Chilembwe haikupotea. Nakala yake ilibaki katika majalada, na mwaka 1958 wanahistoria George Shepperson na Thomas Price waliichapa nzima katika kitabu chao Independent African, miaka 44 baada ya mkaguzi kuiondoa. Mwaka huohuo Banda alirudi Nyasaland kuongoza mapambano ya uhuru. Leo Chilembwe yumo kwenye noti za Malawi na ana sikukuu yake kila tarehe 15 Januari. Septemba 2022 sanamu yake iliyotengenezwa na Samson Kambalu, mzaliwa wa Malawi, ilisimamishwa Trafalgar Square, London, chini ya nguzo ya Nelson, amiri maarufu kuliko wote wa jeshi la maji la Uingereza. Kambalu alimchonga Chilembwe akiwa mkubwa mno, amevaa kofia mbele ya Mzungu, jambo ambalo enzi zake mtu mweusi alikatazwa. Mzungu aliye pembeni yake amechongwa mdogo.

Upande wetu wa ziwa kazi hiyo haijafanyika. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ina Liuli ndani yake, ina mwamba, ina ghuba, na ina familia ambazo babu zao walikuwa ufukoni. Redio zinasikika kila kijiji. Wanaoandika michezo ya redio wana kisa kilichokwisha kujiandika nusu, sauti mbili za manahodha ziko tayari. Zinazotakiwa ni za wapiga makasia wa ile mashua, na pa kuzitafuta ni Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, kwa Kinyasa, Kimpoto na Kimatengo, kwa wazee ambao bado wanakumbuka walichosimuliwa na wazazi wao.